Mzee Ajitayarishe Mbele ya Kupasuliwa Kansere

Ndugu msomaji, na wewe mama unayesomewa na mjukuu wako, somo hili ni kwa ajili ya wazee walioambiwa na daktari kwamba wana kansere na kwamba imepasa wapasuliwe ili iondolewe. Pengine ni kansere ya titi, pengine ya tumbo la chakula, pengine ya utumbo mkubwa. Ni somo la jamaa zao vilevile, kwa sababu mara nyingi mzee mwenyewe siye anayeamua atakula nini leo. Anayeamua ni binti yake au mke wa mtoto wake, yule aliye jikoni.

Daktari akisema, "Rudi kisha majuma matatu, tutakupasua," watu wengi husikia neno la kungoja tu. Wanamrudisha mzee nyumbani, wanamtandikia kitanda karibu na moto, wanamnyang'anya jembe na kuni, wanamletea kikombe cha uji mwepesi asubuhi na kingine jioni. Wanafanya hivi kwa upendo. Lakini majuma matatu yakiisha, mzee aliyetoka hospitalini kwa miguu yake anarudi amebebwa katika tipoyi. Kansere haikufanya hayo yote. Sehemu kubwa imefanywa na kitanda pamoja na uji mwepesi.

Basi shika neno hili: siku za kungoja kupasuliwa ni siku za kazi. Kupasua ni kazi ya daktari. Kazi ya mzee na ya jamaa yake ni kumletea daktari mwili wenye nguvu ya kuvumilia kisu na kupona nyuma yake.

KWA NINI MWILI WA MZEE UNATAKA MATAYARISHO

Mtu akipasuliwa, kidonda kinataka kufungwa, nyama mpya na ngozi mpya zinataka kutengenezwa, damu iliyopotea inataka kurudishwa, na vidudu vya ugonjwa vinataka kupigwa vita. Kazi hizi zote zinahitaji vitu vya kujengea. Mwili ukivikosa katika chakula, unavichukua katika nyama zake wenyewe, hasa nyama za mapaja na mikono. Kijana ana akiba kubwa ya nyama hizo. Akiba ya mzee ni ndogo, maana miaka ikizidi nyama hupungua hata kwa mtu mzima wa afya. Tena kansere inamkondesha, na hamu ya chakula inamwondoka.

Usidhani kulala kunamtunzia nguvu. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliandika habari ya wazee 12 wenye afya njema, umri wao kadiri ya miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Siku 10 zilipokwisha, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama, kwa kadiri ya kila mmoja. Ikiwa ni hivyo kwa mzima aliyeshiba, itakuwaje kwa mgonjwa mwenye njaa aliyelazwa siku 20?

Na kujitayarisha kunasaidia kweli. Katika mji wa Montreal, huko Kanada, madaktari waligawanya wagonjwa 77 wa kansere ya utumbo mkubwa katika mafungu mawili, wakaandika habari yao mwaka 2014. Fungu la kwanza lilianza mazoezi ya mwili, chakula cha kujenga na mafundisho ya kutuliza moyo kadiri ya majuma manne mbele ya kupasuliwa. Fungu la pili lilianza mambo yale yale nyuma ya kupasuliwa. Miezi miwili ilipopita, wale waliotangulia kujitayarisha waliweza kutembea mbali kuliko wenzao, na wengi zaidi kati yao walikuwa wamezirudia nguvu zao za zamani.

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari za Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha na kumlisha mara ya pili, kwa maana mbele yake ulikuwa mwendo wa siku 40 mpaka Horebu. Kupasuliwa nako ni mwendo.

JE, CHAKULA HULISHA KANSERE?

Tunasikia neno hili mara nyingi katika vijiji: "Usimpe nyama, usimpe mayai, utalisha ule uvimbe nao utakua upesi." Jirani anasema, mkwe anaogopa, na mzee anabaki na ugali na maji ya majani.

Kansere haingoji kulishwa kwa sahani. Inajichukulia chakula ndani ya mwili wa mtu, ale asile. Mwizi akiingia katika shamba lako huachi kulima ili yeye afe kwa njaa, kwa kuwa watoto wako watakufa mbele yake. Ndivyo ilivyo hapa. Ukimnyima mzee chakula, wa kwanza kudhoofika ni mzee. Hakuna chakula chochote ambacho mtu akikatazwa, kansere yake inaondoka. (Mwenye ugonjwa wa sukari ana mashauri yake mwenyewe, huyo na amwulize mwuguzi.)

Tena tunajua katika makabila mengine mama hali kuku wala mayai, kwa desturi za mababu. Mama, hatukudharau wala hatuwadharau mababu zako. Lakini yai ni chakula cha kujenga kilichowekwa karibu na mlango wako, na sasa unakihitaji.

Jambo jingine la kuacha kabisa ni kusafishwa tumbo kwa dawa za majani, za kunywa au za kuingizwa kwa nyuma, "ili uchafu utoke." Dawa hizo zinaondoa maji na chumvi mwilini, na utumbo wenye kansere unaweza kutoboka.

KUFUNGA NA KUOMBA

Neno hili tunalisema kwa upole, maana sisi wenyewe ni watu wa maombi. Pale penye meza ya kupasulia tunaomba mbele ya kisu kugusa ngozi, wala hatuoni haya.

Lakini imekuwa desturi mahali pengi kwamba mgonjwa akiambiwa atapasuliwa, kundi la maombi linakuja na kumwagiza afunge siku tatu kavu, au siku saba, au zaidi. Mzee anatii, kwa sababu anampenda Bwana na kwa sababu anaogopa kisu. Kisha anafika hospitalini midomo imekauka, mkojo ni mweusi kama chai, na mapigo ya moyo ni mepesi. Daktari hawezi kumpasua mtu wa namna hii siku hiyo. Akimpasua, kidonda hakifungi.

Wazee wa kanisa, fanyeni hivi. Ninyi wenye mwili wa nguvu, fungeni. Chakula ambacho mngekula siku hiyo, kipikeni vizuri na kukipeleka nyumbani kwa mgonjwa, aombewe naye anakula. Hivyo kufunga kwenu kutakuwa na faida mara mbili. Na mtu akileta habari za Danieli aliyekula mboga na kunywa maji, mkumbusheni ya kuwa Danieli na wenzake walikuwa vijana wenye afya, hawakuwa wazee wenye kansere ya tumbo.

Wengine husema kwamba kula vizuri na kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa mganga, na Paulo alimwita mpenzi wake. Nasi tumeridhika na jibu hilo. Na wewe mchungaji, ukiitwa kumwombea mgonjwa anayengoja kupasuliwa, mbele ya kufumba macho uliza kwanza, "Leo umekula nini?"

CHAKULA CHENYEWE

Ugali wa mihogo unashibisha, unatia nguvu ya kutembea, nasi hatuukatazi. Lakini haujengi nyama. Vyakula vya kujenga ni vile vyenye kitu kiitwacho protini: maharagi, soja, karanga, samaki, nyama, mayai, maziwa, kumbikumbi na senene. Madaktari wanasema mzee mgonjwa anahitaji kila siku gramu 1,2 mpaka 1,5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mama wa kilo 50 basi atafute gramu 60 au zaidi. Sahani kubwa ya ugali wa mihogo haifikishi hata 5.

Tuhesabu pamoja kwa vitu vya soko letu. Mayai mawili yana karibu gramu 12. Kikombe kimoja cha maziwa, 7. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyokwisha kupikwa, 15. Konzi ya ndagala au sambaza zilizokaushwa, kadiri ya gramu 30 katika mizani, zina protini karibu gramu 18. Konzi ya karanga, 7. Hapo umefika karibu 60, na hukununua nyama ya ng'ombe hata mara moja.

Wengine watasema, "Sisi hatuna mayai kila siku, wala maziwa." Tunajua. Asiye na mayai aongeze maharagi na ndagala. Soja inafaa sana na bei yake si kubwa: ikaange vizuri mpaka ibadili rangi na harufu yake ya ubichi iishe, uisage, uitie katika uji. Kule Kivu wamama wengi wanaijua masoso, ndio unga wa mahindi, soja na mtama uliochanganywa. Uji wa masoso wenye kijiko cha karanga zilizosagwa na yai lililokorogwa ndani mpaka likaiva, huo ni chakula. Uji mwepesi wa mihogo na sukari ni maji tu yenye rangi.

Na wageni wanaokuja kumwangalia mgonjwa wakibeba chupa mbili za Fanta na paketi ya biskuti, kwa heshima yote, pesa hiyo ingenunua mayai.

Mzee mwenye kansere hashibi kama zamani. Akila kidogo anasema tumbo limejaa. Kwa hiyo usimwekee mlima wa ugali mara mbili kwa siku. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita, na aanze na samaki na maharagi, ugali ufuate nyuma kama nafasi ingaliko. Ongeza mawese au karanga za kusaga katika sombe na lenga-lenga, ili chakula kidogo kiwe na nguvu nyingi. Akikosa meno, mponde samaki, lainisha maharagi, ondoa maganda. Asile peke yake katika chumba chenye giza. Mzee anayeletewa sahani na kuachwa huigusa mara tatu na kuisukuma. Akikaa pamoja na wajukuu anakula. Maji vilevile anywe, kwa sababu wazee hawasikii kiu kama vijana.

Kama una ugonjwa wa figo, usizidishe vyakula hivi mpaka umwulize daktari. Na kama chakula hakipiti kooni, au unatapika kila unachokula, au tumbo limevimba na choo na hewa havitoki, au unatoa damu, usikae nyumbani ukijilazimisha kula. Njoo hospitalini leo, usingoje siku ya barua yako.

Jamaa wapime pia uzito. Dispansere yoyote ina mizani. Tuseme baba alikuwa kilo 60 wakati wa Noeli, na sasa ni Pasaka naye ni kilo 54. Amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hiyo ni hatari kubwa kwa mtu wa kupasuliwa. Usipokuwa na mizani angalia mshipi: kama ametoboa matundu mapya mawili, au pete inaanguka kidoleni, tuambie. Kwa mtu wa namna hii daktari anaweza kusogeza siku ya kupasua nyuma kwa juma moja au mawili, ili alishwe kwanza. Hapo jamaa wengi hukasirika, wanasema hospitali imemkataa mgonjwa wao au inataka pesa nyingine. Sivyo. Mganda wa nyasi hauwekwi juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Lakini sikieni vema, kusogeza huku ni shauri la daktari. Ninyi msisogeze siku kwa shauri lenu wenyewe, mkingoja mavuno au arusi, maana kansere haingoji.

MIGUU NA PUMZI

Mama mzee wa vilimani aliyezoea kupanda shambani kwake kila siku ana hazina ambayo watu wa mji hawana. Usimnyang'anye jembe mapema. Kama anaweza, aendelee na kazi nyepesi, apalilie kidogo, achote maji katika ndoo ndogo. Asiye na shamba atembee. Nusu saa kwa siku inatosha, hata ikigawanywa mara tatu za dakika kumi. Mwendo uwe wa kumfanya apumue kwa nguvu lakini aweze bado kuzungumza na mjukuu anayemsindikiza. Akiweza kuimba wimbo mzima bila kukatika, anatembea polepole mno.

Zoezi la pili ni la kiti. Akae katika kiti imara kilichoegemezwa ukutani, avuke mikono kifuani, asimame wima, akae tena, polepole. Mara tano siku ya kwanza, kisha aongeze mpaka kumi, asubuhi na jioni. Zoezi hili linaonekana kama mchezo, na wazee wengi hucheka wakifundishwa. Lakini nyama zile zile za mapaja ndizo zitakazomtoa kitandani kesho yake ya kupasuliwa, mwuguzi atakapomwambia, "Baba, simama."

Aache na kukaa chini akisikia maumivu kifuani, kizunguzungu, au pumzi kumkatika, naye atueleze. Mwenye maumivu makali ya mgongo au ya mifupa asianze mazoezi mpaka daktari amwangalie, kwa sababu pengine kansere imeingia katika mfupa nao unaweza kuvunjika.

Sasa pumzi. Mtu aliyepasuliwa tumbo anaogopa kupumua kwa nguvu, kwa kuwa kunauma. Anapumua juu juu tu, makohozi yanatulia chini ya mapafu, na siku ya tatu anapata homa ya mapafu. Ugonjwa huu unaua wazee ambao kansere yao imeondolewa vizuri. Mwaka 2018 madaktari wa Australia na Nyuzilandi walitoa habari ya wagonjwa 441 waliopasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wengine walipewa kitabu kidogo tu. Wengine walipewa kitabu hicho na tena nusu saa moja ya kufundishwa, mbele ya kupasuliwa, namna ya kupumua. Kwa hao waliofundishwa, shida za mapafu zilipungua karibu nusu. Nusu saa moja ya mafundisho! Hakuna dawa ya bei ndogo kama hiyo.

Fanya hivi. Keti wima, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa polepole kwa pua mpaka tumbo na kifua vijae, shika huku ukihesabu mpaka tatu, kisha uiachilie polepole. Fanya mara kumi, pumzika, fanya kumi tena. Mwisho kumbatia mto juu ya tumbo na kukohoa kwa nguvu mara tatu. Nyumbani jizoeze asubuhi na jioni. Nyuma ya kupasuliwa utafanya hivyo kila saa ukiwa macho, nawe utashukuru kwamba mwili umekwisha kujua njia.

Na kinywa kisafishwe kila siku, kwa mswaki wa duka au wa mti. Uchafu wa meno hushuka katika mapafu ya mtu aliyelala.

MAMBO YANAYOFICHWA

Tumbako inazuia kidonda kufungwa na kuharibu kifua. Iache majuma manne mbele ya kupasuliwa. Kama siku zimebaki chache, iache leo. Tunasema sigareti na kiko pia, hata kile kiko cha bibi kinachovutwa nyuma ya nyumba wakati mashemasi wamekwisha kupita.

Pombe nayo iachwe majuma manne. Lakini hapa kuna hatari ambayo washirika wetu hawaijui. Mtu aliyezoea lutuku au kasiksi kila siku, kwa miaka mingi, akikatizwa mara moja anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwako, hata kuanguka kifafa. Jambo hilo likimpata siku ya pili ya kupasuliwa, anaweza kufa. Kwa hiyo mwambie mwuguzi ukweli, mkiwa wawili tu. Hataandika jina lako katika kitabu cha nidhamu ya kanisa wala hatapeleka habari kwa mchungaji. Anataka kujua ili akupe dawa ya kukuachisha kwa salama. Mzee wa kanisa anayejificha hapa anaweka uhai wake chini ya heshima yake.

Vivyo hivyo lete dawa zote unazokunywa, za duka na za majani, uzimwage mezani mbele yetu. Dawa ya shinikizo la damu, ya sukari, aspirini: nyingine utaendelea nazo na nyingine zitasimamishwa siku kadhaa, na si wewe wa kuchagua.

DAMU

Mzee mwenye kansere ya tumbo au utumbo anapoteza damu kidogo kidogo bila kuiona. Ukiongeza malaria na minyoo, damu inakuwa nyepesi. Njoo ipimwe mapema, majuma matatu au manne mbele, kwa sababu vidonge vya chuma havifanyi kazi kwa siku mbili. Usivinywe pamoja na chai, maana chai inavizuia. Kula chungwa au pera pamoja navyo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Lakini kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, hiyo ni damu: njoo upesi.

Jamaa nao wajue ya kuwa daktari anaweza kuomba watu wa kutoa damu. Tafuteni wawili au watatu wenye afya mkiwa bado nyumbani, waje kupimwa. Kuwatafuta usiku, mgonjwa akiwa mezani, ni jambo baya sana.

SIKU YENYEWE

Jioni ya mbele yake, mzee ale chakula chake cha jioni, isipokuwa daktari amekataza kwa sababu ya utumbo wake. Watu wengi bado wanajinyima kila kitu tangu mchana, wakidhani ni sheria. Kadiri ya mafundisho ya leo, chakula kizito na maziwa na uji huachwa saa sita mbele ya dawa ya usingizi, na maji safi yaweza kunywewa mpaka saa mbili mbele yake. Uji hauhesabiwi kuwa maji, hata ukiwa mwepesi namna gani. Mwuguzi wa chumba chenu atakupa saa yako mwenyewe. Ushike hiyo hiyo, na ukikosea ukala, mwambie. Asiyesema anaweza kutapika katika usingizi na kuvuta matapishi ndani ya mapafu.

Lete miwani yako, fimbo yako, viatu visivyoteleza, blanketi unayoijua, na mto wa kukoholea. Na jamaa wachague mtu mmoja ambaye mzee anamwamini, alale karibu naye siku za kwanza. Asiwe mtoto wa kutumwa tu, wala wasibadilishane kila saa.

Tunaomba hivyo kwa sababu hii. Usiku wa pili au wa tatu, wazee wengine huchanganyikiwa. Baba mpole anatukana. Mama anaita dada yake aliyekufa zamani, anavuta mipira ya dawa, anasema kuna watu wamesimama pembeni. Jamaa wakiogopa husema amelogwa, au kwamba wafu wamekuja kumchukua, na wengine wamekwisha kumwondoa mgonjwa hospitalini usiku huo huo na kumpeleka kwa waaguzi. Ni ugonjwa wa akili ya mzee iliyochoka kwa dawa, homa, maumivu au kukosa maji, nao hupita mara nyingi ukitunzwa. Wewe uliyelala karibu naye, washa taa. Mpe miwani yake. Mshike mkono, mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani, usibishane naye. Kisha mwite mwuguzi upesi, hata kama ni saa nane za usiku.